Wimbo Nisioupenda Unaoniliza

Upo wimbo mmoja ambao sitautaja jina, kwa sababu waliouimba hawana kosa lolote na kwa sababu, kusema kweli, naona haya kidogo. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa: mwanamume ameachwa, anamwomba mpenzi wake arudi, anaahidi kubadilika, kisha anayarudia maombi yale yale katika kiitikio mara nne au tano mpaka sauti inapofifia. Vina vyake vimelazimishwa, kinanda chake kimepigwa na mtu ambaye nadhani alikuwa na haraka ya kwenda kwingine, na mwimbaji mwenyewe huzifikia sauti za juu kama mtu anayepanda ngazi huku amebeba gunia. Nimesikiliza muziki kwa makini tangu ujana wangu, nimejifunza kupiga gitaa kwa kiwango kinachotosha kuwaudhi majirani, na naamini ninaweza kutofautisha utunzi uliofikiriwa na utunzi uliofyatuliwa kama tofali. Wimbo huu umefyatuliwa. Hata hivyo, kila ninapousikia bila kujiandaa, hunitoa machozi.

Siku nilipoligundua jambo hilo nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nikisubiri kuhudumiwa, na wimbo ukaanza kutoka katika spika ndogo iliyotundikwa juu ya dirisha. Kabla sijautambua ni wimbo gani, malaika ya mikononi yalikuwa yamekwisha kusimama, koo limenikaba na machozi yananilengalenga. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniuliza kama niko salama, nami nikamjibu kwamba ni vumbi, ingawa tulikuwa ndani ya jengo na madirisha yote yamefungwa. Neno ninalotaka msomaji alishike hapo ni "kabla". Mwili ulijua mapema kuliko mimi. Ilinichukua muda wa ubeti mzima kukumbuka ni wapi nilipousikia wimbo ule.

Nilikuwa nimeusikia miaka sita nyuma, katika ushoroba wa hospitali, mama yangu alipokuwa akifanyiwa upasuaji. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikaa kwenye benchi moja kuanzia asubuhi hadi alasiri, tukiutazama mlango wenye vioo vya ukungu, na mlinzi aliyekuwa karibu nasi alikuwa na redio ndogo aliyoifungua kwa sauti ya chini. Wimbo ule ulikuwa ukivuma wakati huo, kwa hiyo ulirudiwa mara kadhaa siku ile. Sikuwa nikiusikiliza, kama ungeniuliza jioni yake redio ilipiga nini, ningekuambia sikumbuki. Mama alipona, na yuko hai hadi leo, mwenye afya inayomwezesha kunikaripia. Kwa hiyo machozi yangu ya kwenye foleni hayakuwa ya msiba. Yalikuwa ya hofu ambayo haikupata nafasi ya kutoka siku yake, ikajificha ndani ya wimbo wa mtu aliyeachwa.

Habari ya kwamba mahadhi yanaweza kubeba jambo lisilomo ndani yake si ngeni. Mwaka 1688 tabibu mmoja kijana, Johannes Hofer, aliandika tasnifu huko Basel kuhusu ugonjwa wa kutamani kwao uliowashika Waswisi waliokuwa mbali na nchi yao, na ndiye aliyeupa jina la nostalgia. Karne iliyofuata, Jean-Jacques Rousseau, ambaye mbali na falsafa alikuwa pia mtunzi wa muziki, alieleza katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768 kuhusu mahadhi ya wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi, ambayo yalipigwa marufuku miongoni mwa askari wa Kiswisi waliotumikia majeshi ya kigeni, kwa kuwa walioyasikia walilia, walitoroka au hata walikufa. Huenda habari ya kufa imetiwa chumvi. Kinachonivutia ni maelezo anayoyatoa baadaye: kwamba nguvu hiyo haimo katika mahadhi yenyewe, kwa sababu mgeni akiyasikia haguswi, bali imo katika mazoea na kumbukumbu za msikilizaji, muziki hapo haufanyi kazi kama muziki, unafanya kazi kama alama ya ukumbusho. Nilipoyasoma maneno hayo niliona kama mtu amenikuta kwenye foleni yangu na kunielewa bila kuniuliza.

Wanasayansi wa siku hizi wanaweza kuonyesha walau sehemu ya mahali jambo hili linapotendeka. Petr Janata, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alichapisha mwaka 2009 utafiti ambao wanafunzi walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana, huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu iliyo mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ilichangamka zaidi pale wimbo ulipomrudisha msikilizaji katika tukio la maisha yake, na sehemu hiyo hiyo ilikuwa ikifuata mwenendo wa mahadhi yalivyohama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Kumbukumbu na mahadhi, kwa maneno mengine, hupita katika mlango mmoja. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazochelewa kudhoofika kwa mgonjwa wa Alzheimer, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mzee aliyesahau majina ya wanawe anaweza kuuimba wimbo wa ujana wake beti zote, na uso wake ukabadilika anapouimba.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba muziki ni sanduku tupu ambalo kila mtu hutia vyake. Lakini maelezo hayo yananikwama, kwa sababu ninao utunzi mwingine unaonitenda vivyo hivyo bila kunikumbusha chochote.

Huu ni utunzi wa kwaya usio na ala hata moja, unaoimbwa katika lugha nisiyoielewa. Niliukuta kwa bahati, nikiwa peke yangu, katika siku ambayo haikuwa na jambo lolote la kukumbukwa. Kuna mahali katikati yake ambapo sauti ya juu kabisa inashikilia mlio mmoja wakati sauti za chini zimekwisha kuhama. Kwa muda mfupi mlio ule hauafikiani na wenzake, unakwaruza, unabaki umening'inia kana kwamba umesahauliwa, halafu unashuka hatua moja tu na kila kitu kinakaa mahali pake. Ni hapo. Si kabla wala si baada ya hapo. Nimeusikiliza mara nyingi, najua kabisa kinachokuja, na bado shingo husisimka mlio unaponing'inia, si unapotua.

Nilifarijika kujua kwamba siko peke yangu. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu 83 ni mahali gani hasa katika muziki miili yao inapoitikia, akawataka wataje kipande chenyewe badala ya kusema tu kwamba wimbo ni mzuri. Machozi yalielekea kutokea pale mlio unapogongana na sauti zinazouzunguka kisha ukasuluhishwa, na msisimko wa mwili ulielekea kutokea pale mpangilio wa sauti unapobadilika ghafla kwa namna isiyotarajiwa. Kabla yake, mwaka 1956, Mmarekani Leonard Meyer alikuwa ameandika kwamba hisia katika muziki huzaliwa na matarajio: masikio yetu, kwa kulelewa na nyimbo maelfu, hujifunza kubashiri kinachofuata, na mtunzi hodari ni yule anayetuahidi kitu kisha akakichelewesha. Ucheleweshaji ule ndio unaouma, na kuuma kule ndiko tunakokuita uzuri.

Malaika yanaposimama, kinachotendeka ni jambo la zamani sana. Kwenye shina la karibu kila unywele wa mwilini pana msuli mdogo mno unaokazwa na neva zisizosubiri idhini yetu, zile zile zinazofanya kazi tunapoona baridi au tunapotishwa. Mnyama mwenye manyoya mengi hupata faida: hujipatia joto, au huonekana mkubwa mbele ya adui. Sisi tulibaki na alama bila manyoya. Mwaka 1980 mtaalamu wa dawa Avram Goldstein, wa Marekani, aliwauliza watu ni mambo gani huwasisimua miili, na muziki ukatajwa kuliko karibu kila kitu. Kisha akawapa baadhi ya watu wa kujitolea dawa inayozuia kazi ya kemikali za mwili zinazofanana na afyuni, na kwa wachache wao msisimko ulipungua. Hilo lilikuwa dokezo tu, lakini lilikuwa dokezo zito.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 2001. Anne Blood na Robert Zatorre waliwachukua wanamuziki 10, wakamwomba kila mmoja alete muziki usio na maneno ambao humsisimua bila kukosa, wakaipima mizunguko ya damu katika ubongo wakati msisimko unapotokea. Sehemu zilizobadilika ni zile zile zinazohusika na chakula, mapenzi ya mwili na madawa ya kulevya. Lakini uzuri wa utafiti ule uko katika jambo dogo la utaratibu: ili kupata kipimo cha kulinganishia, muziki uliomsisimua mmoja ulitumika kama muziki wa kawaida kwa mwingine. Kitu kilekile kilichomtetemesha huyu kilimpita yule kama upepo. Miaka 10 baadaye kundi la Montreal, likiongozwa na Valorie Salimpoor, lilionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, hutolewa katika sehemu mbili tofauti na kwa nyakati mbili: moja wakati msikilizaji anasubiri kilele anachojua kinakuja, nyingine kilele kinapofika. Nilipolisoma hilo niliukumbuka ule mlio unaoning'inia. Kusubiri kwenyewe kuna malipo yake, wala si malipo ya mkopo.

Kuna pia nguvu zisizohitaji kumbukumbu wala matarajio ya kisomi. Joseph Haydn alitia pigo moja kubwa la ghafla katika sehemu ya polepole ya simfonia yake ya 94, ya mwaka 1791, na hadi leo watu wanashtuka, kwa sababu sikio ni mlinzi asiyelala na kelele ya ghafla huripotiwa kwa mwili kabla akili haijaulizwa. Na ipo ile nguvu ya sauti ya binadamu. Mtu mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ya chini, bila kupanda na kushuka sana. Mwenye furaha huongea haraka na sauti yake huruka. Mahadhi huiga mwenendo huo hata yakiwa yanapigwa kwa ala, na sisi huyaitikia kama tunavyoitikia usemi wa mtu aliye mbele yetu. Watafiti walipowapelekea watu wa jamii ya Mafa, kaskazini mwa Kamerun, muziki wa kinanda wa Magharibi ambao hawakuwahi kuusikia, waliweza kuitambua furaha, huzuni na hofu mara nyingi kuliko ambavyo kubahatisha kungewawezesha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Miaka saba baadaye utafiti mwingine, miongoni mwa Tsimane wa Bolivia, ulionyesha kwamba sauti zinazokwaruzana, ambazo wengi wetu huziona chungu, kwao ni sawa tu na zinazoafikiana. Kwa hiyo kile kilio changu cha mlio unaoning'inia nimefundishwa. Lakini kuitambua huzuni katika mwendo wa polepole huenda sikufundishwa na mtu.

Nirudi kwenye benchi. Kaka yangu alikaa upande wangu wa kushoto siku nzima, akasikia redio ile ile, na nilipomweleza habari ya foleni alinishangaa. Kwanza hakumbuki kwamba palikuwa na redio. Pili, haelewi kabisa ninachomaanisha ninaposema wimbo unaweza kumkaba mtu koo. Kwa miaka mingi nilimdhania kuwa mgumu wa moyo, na nimemwomba radhi kwa hilo, kwa kuwa baadaye nilisoma kuhusu kazi ya watafiti wa Barcelona iliyochapishwa mwaka 2014. Waliwapata watu wenye masikio mazima na wasio na sonona, ambao wakisikia wimbo wa huzuni wanaujua kuwa ni wa huzuni, na ambao wakishinda fedha katika mchezo hufurahi kama mtu mwingine yeyote, lakini muziki hauwapi raha. Mapigo ya moyo na jasho la ngozi yao havibadiliki. Si kwamba mioyo yao imefungwa. Njia moja tu, kati ya njia nyingi, haipitiki. Kaka yangu kinachomrudisha kwenye ushoroba ule ni harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Aliwahi kutoka nje ya jengo moja katikati ya mazungumzo ya kazi kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na hakumweleza mtu yeyote sababu.

Wazee wa fikra waliuogopa uwezo huu wa muziki, nami naanza kuwaelewa. Plato alitaka mahadhi ya maombolezo yaondolewe kabisa katika dola yake ya kufikirika. Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, anakiri kwamba kila uimbaji unapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi na angependelea asingemsikia mwimbaji. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliendea suala hilo kwa upole zaidi: kwake muziki hautii moyoni kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Waarabu wana neno tarab kwa ile hali ya kupagawa kwa raha au kwa huzuni anayoipata msikilizaji, na ndilo lililotupa neno letu taarabu. Kwa hiyo sisi tumelibeba jina la hisia tukalifanya jina la muziki, kana kwamba viwili hivyo havitenganiki. Binafsi naona al-Ghazali alikuwa karibu zaidi na ukweli wa foleni yangu, na Augustino alikuwa karibu zaidi na aibu yangu. Kinachonisumbua ni kwamba nguvu hii haiulizi thamani. Wimbo uliofyatuliwa huniliza sawasawa na kwaya iliyotungwa kwa ustadi, na wanaotengeneza matangazo ya biashara na gwaride za kijeshi wanalijua hilo vizuri kuliko wahakiki.

Baada ya tukio la foleni niliamua kujitibu. Niliutafuta wimbo, nikauweka kwenye simu, nikaupiga kila jioni kwa makusudi, nimekaa kitini, kama mtu anayemeza dawa. Siku za kwanza nililia kila mara, na nadiriki kusema nililia kwa raha, maana huzuni inayokuja na mahadhi haikuombi ufanye jambo lolote. Unaweza kuizima ukaenda kulala. Kufikia juma la pili machozi yalikuwa yamepungua. Kufikia la tatu nilikuwa nikisikia kinanda kibaya na vina vya kulazimisha tu. Ngoma ivumayo haidumu, na hii niliivumisha kwa mikono yangu mwenyewe. Wimbo haukunikumbusha tena ushoroba wa hospitali. Ulinikumbusha kiti changu, simu yangu na majaribio yangu. Nilikuwa nimeifukia kumbukumbu moja chini ya kumbukumbu ishirini zisizo na maana.

Nilitegemea kujiona nimepona. Badala yake nilijiona nimepoteza kitu, kama mtu aliyeifua barua ndani ya mfuko wa shati. Siku ile ya benchi haina picha, na kaka yangu hapendi kuizungumzia. Wimbo ule mbovu ndio uliokuwa umeitunza yote, pamoja na rangi ya vioo vya mlango na uzito wa mikono yangu juu ya magoti. Niliufuta kwenye simu, nikajiapiza kutoutafuta tena. Miaka mitatu ikapita. Niliusikia mara moja kutoka kwenye gari lililokuwa likipita, sekunde chache tu, na malaika yakasimama kidogo, kwa woga, kama mgeni anayepiga hodi huku akiwa na mashaka kama nyumba ndiyo.

Mwezi uliopita nilimwambia mama habari hii yote. Sikuwahi kumwambia, na nadhani nilihofia kwamba angeona nimebeba kitu ambacho ni chake. Alisikiliza bila kunikatiza, halafu akasema anataka kuusikia huo wimbo. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba yeye, ambaye siku nzima ilimhusu, hakuusikia hata mara moja. Alikuwa upande wa pili wa mlango, chini ya nusu kaputi. Niliutafuta, nikauweka, tukakaa. Kaka yangu alikuwepo pia, anasoma gazeti.

Mama aliusikiliza ubeti wa kwanza kwa heshima. Kwenye kiitikio cha kwanza alikunja uso kidogo, na cha pili kilipofika alishindwa kujizuia.

"Sasa huyu naye," alisema, "si angekwenda akaombe radhi kwa adabu kuliko kupiga makelele hivi?"

Kaka alicheka nyuma ya gazeti. Mimi nilitaka kucheka, lakini koo lilikuwa limeshakaba, na mama akageuka akaniona.

"Mwanangu," akaniuliza, sauti imeshuka, "kwani umeachwa?"

Nikatikisa kichwa. Akanitazama kwa muda, akasogea karibu, akaushika mkono wangu akauweka juu ya goti lake, na yule bwana akaanza kiitikio kwa mara ya tatu.